Imebaki Mifuo Mitatu

Mjinga wa siku ile alikuwa Kushoto, na hakuna haja ya kumtafutia shahidi maana mwenyewe anakiri. Alipandishwa kwenye mizani, akadhani anapandishwa cheo.

Kwa miaka kumi na mmoja maksai wawili, kaka na mdogo wake, walikuwa wamefungwa nira moja. Kaka alivuta upande wa kushoto, mdogo upande wa kulia, na watu hawakujisumbua kuwatafutia majina mengine. Shamba lao lilikuwa na urefu wa hatua mia mbili. Hatua mia mbili kwenda, geuka. Hatua mia mbili kurudi, geuka. Kila mfuo, yaani kila mstari uliochimbwa na plau, ulinyooka kama uzi, na Kushoto alijivunia mifuo yake kama mzazi anavyojivunia watoto waliofaulu mtihani. Kisha mkulima akanunua trekta.

Asubuhi moja akaja mnunuzi wa mifugo, mtu wa vidole vinene. Mkulima, siku alipowachagua wakingali wadogo, alikuwa amewapapasa begani, pale nira inapokaa. Huyu mgeni hakuwa na habari na bega. Alikwenda moja kwa moja kwenye paja, akabonyeza, akabonyeza tena, akaguna kwa kuridhika. Ndipo ikaletwa mizani.

"Mdogo wangu," Kushoto alinong'ona, "wanapima nguvu zetu. Huko tuendako kuna plau kubwa."

"Kubwa kiasi gani, kaka?"

"We subiri tu. Nani anahangaika kumpima mfanyakazi asiyemtaka?"

Kulia aliamini. Kumwamini kaka yake ilikuwa nusu ya kazi yake. Nusu nyingine ilikuwa kuvuta.

Ndani ya lori mlikuwa na ng'ombe kumi na wawili. Mbele walikaa dereva na utingo wake, na chini ya kiti cha utingo alilala kuku mmoja mzee, mguu umefungwa kamba ya katani, kitoweo cha jioni. Haikupita saa moja ng'ombe wote wakawa wanamwita Shangazi, kwa sababu aliwasema wote kupitia tundu la nyuma ya kiti, mmoja baada ya mwingine, kama ndugu zake wa damu.

"Nyie huko nyuma, mnajua mnakwenda wapi?"

"Kazini," alijibu Kushoto.

Shangazi alicheka mpaka akapaliwa.

Jua lilikuwa limeshapanda breki zilipogoma. Lori lilikuwa linateremka mteremko wa mawe. Dereva alikanyaga, akakanyaga tena, kisha akaanza kukanyaga kama mtu anayeua nyoka. Lori likaacha barabara, likaruka ukingo, likabingirika mara mbili na kutua chali ndani ya korongo. Mbao zilipasuka. Ubao mmoja, mrefu na mwembamba, ulimwingia Kulia begani na kukatikia humo humo. Halafu pakawa kimya, isipokuwa gurudumu moja lililoendelea kuzunguka hewani, linaendelea na safari peke yake.

Ng'ombe saba walikufa papo hapo. Watatu walivunjika miguu. Dereva alikaa chini ameushika mkono wake uliokuwa umepinda mahali pasipo kiwiko, akasema, "Wawahi hao, nyama isiharibike." Utingo, damu ikimchuruzika usoni, alitoa kisu akawawahi. Alikuwa mwepesi, na hakuwa na chuki na mtu. Alipomaliza aliwakusanya maksai wawili waliokuwa wamesimama, akawafunga shingo kwa shingo kwa kamba ndefu.

"Hawa wazima tuwafunge kwenye mti," alimwambia dereva. "Gari lingine likija, wakachinjwe huko huko walikokuwa wanapelekwa."

Akaenda kutafuta kamba ya pili.

"Umesikia?" Sauti ya Shangazi ilitoka chini ya mlango wa lori uliopinda. Alitoka akichechemea, anaburuta kipande cha katani mguuni.

"Nimesikia," alisema Kushoto. "Litakuja gari lingine."

"Wewe ng'ombe, amesema mkachinjwe!"

"Ni namna ya kusema tu. Watu wa magari wana maneno yao."

Kulia alikuwa anawatazama wale watatu waliolala kwenye damu yao. "Kaka," alisema taratibu, "amesema hivyo kweli."

Ilikuwa mara ya kwanza kumpinga katika miaka kumi na mmoja. Kushoto alishtuka kuliko alivyoshtuka lori lilipopinduka. Utingo akageuka na kamba mkononi, akapiga kelele, nao wakakimbia. Shangazi aliruka akadaka mgongo wa Kulia kwa kucha, akang'ang'ania.

Walikimbia mpaka pumzi zikaisha. Utingo hakuwafuata mbali, alikuwa na dereva wa kumwokoa na barabara ndefu ya kutembea. Walipotua wakajikuta katikati ya nyika. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu, nyasi zimekauka zikawa rangi ya majivu, na miiba ilikuwa mirefu kuliko majani. Hapakuwa na uzio, birika la maji wala mtu wa kupiga mluzi. Damu ilishuka taratibu kwenye mguu wa Kulia, na nzi walikuwa wameshapata habari.

"Maji," alisema Shangazi. "Huyu asipopata maji siku tatu hizi tutamwacha hapa. Tulipokuwa tunakimbia niliona njiwa wanaruka kundi zima kuelekea mlima ule wenye nundu. Lazima kuna maji huko."

"Nimekusikia," alisema Kushoto. "Sasa niachie kazi. Kwenda moja kwa moja ndiyo shughuli yangu. Unachagua mti ulio mbele, unaukazia macho, unakwenda. Miaka kumi na mmoja sijapindisha mstari hata siku moja."

Hakudanganya. Aliukazia macho mti, akaenda, na mdogo wake ubavuni. Walikwenda jua likiwachoma mgongo, kisha likiwachoma uso, kisha mgongo tena. Kushoto alijiambia kwamba jua la nyikani halina adabu. Vichaka vilifanana. Ulimi wa Kulia ulianza kuning'inia. Shangazi alikuwa na kazi yake, anadonoa mayai ya nzi kwenye kidonda, anayameza, anakunja uso, anadonoa tena.

Jua lilipoanza kulegea, harufu iliwafikia puani. Kushoto akaongeza mwendo. "Nasikia harufu ya ng'ombe!" alisema. "Tumefika kwa watu!"

Walipanda kilima kidogo, wakatazama chini. Kwenye korongo lilikuwa limelala lori, magurudumu juu. Watu walikuwa wameondoka. Kundi la fisi lilikuwa mezani.

Kushoto alitazama nyuma. Kutoka juu ya kilima nyika ilionekana vizuri. Nyasi kavu zilikuwa zimelazwa mistari mistari, mmoja wa kwenda, mmoja wa kurudi, kila mmoja hatua mia mbili, sambamba, minyoofu, mizuri kuliko yote aliyowahi kulima. Kila mwisho wa mfuo miguu yake ilikuwa imegeuka yenyewe bila kumuuliza. Kila walipogeuka walikuwa wamesogea pembeni kidogo, kama shambani, na kila kusogea kuliwarudisha kwenye korongo. Siku nzima ya jua kali walikuwa wanailima nyika bila plau, na mmoja wao anavuja damu.

"Shangazi," alisema kwa sauti ndogo, "wewe ulikuwa juu. Hukuona?"

"Niliona."

"Na hukusema?"

"Mimi safari za miguu sizijui, mwanangu. Nikadhani ndivyo ng'ombe mnavyosafiri."

Fisi mmoja jike, tumbo limemjaa mpaka linaburuzika, aliwapandia kilima kwa heshima zote. "Karibuni," alisema. "Samahani, leo tumeshiba. Si dharau, ni nafasi tu. Kesho kutwa mtakuwa upande gani?"

"Mlima wenye nundu," alijibu Kushoto, kwa sababu alikuwa amelelewa kujibu anapoulizwa.

"Kweli wewe ni maksai!" alifoka Shangazi. "Umempa na ramani?"

Asubuhi iliyofuata Shangazi alichukua madaraka. Alihamia kwenye pembe ya Kushoto, akashika kwa kucha, akaanza kuhesabu hatua. Zilipofika mia na tisini alitanguliza onyo. Zilipofika mia mbili, na bega la Kushoto likaanza kuzunguka kama mlango uliosukumwa na upepo, alilidonoa sikio mpaka likatoa damu.

"Usigeuke!"

"Sigeuki, miguu ndiyo inayogeuka!"

"Basi iambie ina kuku!"

Ndivyo walivyokwenda, kwa kudonolewa, mia mbili baada ya mia mbili, na safari hii mlima ulianza kukua. Fisi alikuwa nyuma yao, mbali kidogo, hana haraka, kama mwenyeji anayewasindikiza wageni mpaka barabarani. Waliposimama alikaa. Waliponyanyuka naye alinyanyuka, akapiga miayo.

Kulia alikuwa na shida ya aina nyingine. Kidonda kilikuwa kimevimba na kutoa harufu, na mguu ulikuwa mzito. Lakini kilichomchosha zaidi ni kwamba kazi hii haikuwa na mwisho. Shambani unaona ukingo. Unajua baada ya ule utakunywa, baada ya ule utalala. Hapa mbele kulikuwa na mbele tu. Mchana aliuliza, "Kaka, imebaki mifuo mingapi?"

Kushoto alitazama mlima. Ulikuwa bado mbali sana.

"Mitatu," alisema.

"Mitatu tu?"

"Mitatu tu."

Kulia akavuta pumzi, akaenda. Baada ya muda mrefu akauliza tena, akaambiwa mitatu. Jioni ilikuwa mitatu. Kesho yake alfajiri, ulimi umekuwa mweusi na macho yameingia ndani, ilikuwa bado mitatu. Shangazi alikuwa hodari wa kuwasema watu, lakini kwa jambo hili hakufungua mdomo. Alihesabu hatua tu.

Siku ya tatu, jua likiwa juu ya vichwa vyao, walifika chini ya mlima wenye nundu. Palikuwa na mto. Ulikuwa na kingo mbili nzuri, mawe yaliyosuguliwa na maji yakang'aa, na miti mikubwa imejipanga pande zote mbili. Kilichokosekana ni maji. Katikati palikuwa na mchanga mweupe mtupu, unawaka.

Kulia alishuka ukingoni, akasimama juu ya mchanga, akasema, "Ukingo wa shamba ndio huu, kaka?"

"Ndio huu."

"Asante," akasema Kulia, akaanguka.

Kushoto alimsukuma kwa pua. Alimpiga kwa pembe. Alimtukana matusi ambayo mkulima huyatunza kwa siku za mawe mengi. Kulia hakunyanyuka. Ile kamba ya utingo ilikuwa bado shingoni mwao, na urefu wake ulikuwa hatua sita. Mbali na pale Kushoto hangeweza kwenda hata kama angetaka, na mwenyewe anakiri kwamba kwa muda, muda mfupi, alitaka.

"Mchanga wa chini ni mweusi," alisema Shangazi. Alikuwa ameshuka, anachakura kwa mguu wake mzima. "Una baridi. Mwanangu, maji yapo. Yapo chini. Mimi nina mguu mmoja na kucha tatu. Lima!"

Kushoto alitumbukiza kwato. Hatua sita kwenda, geuka. Hatua sita kurudi, geuka. Safari hii hakuna aliyemdonoa. Miguu ile ile iliyokaribia kuwaua juzi sasa iliachwa ifanye inachokijua, na ilifanya, mstari ule ule, juu ya ule ule, kwato zinachimba, pembe zinatupa mchanga pembeni, mfuo unashuka mpaka gotini. Kila alipogeuka kamba ilisuguana na jiwe moja lenye ncha. Kila alipogeuka aliona kitu kingine: fisi amekaa ukingoni. Kisha fisi ameshuka. Kisha fisi amesimama hatua nane kutoka kwenye tumbo la Kulia, upande ule ambao kamba haikumruhusu Kushoto kufika.

"Poleni na msiba," alisema fisi.

"Hajafa!" alifoka Kushoto.

"Si lazima," alisema fisi.

Shangazi aliacha kuchakura. Alimtazama Kushoto, akautazama mfuo, ambao chini yake mchanga ulikuwa umeanza kung'aa. Ulihitaji dakika chache zaidi.

"Wewe lima," alisema. "Ukigeuza kichwa kunitazama, nitarudi kukudonoa jicho."

Akaenda mbele ya fisi anaburuta bawa, anapepesuka, katani inamfuata mguuni, analia kama aliyevunjika mwili mzima. Nusu ilikuwa maigizo. "Nihurumie mama," alikuwa anasema, "mimi mifupa mitupu, mchuzi wangu hata rangi hauna." Fisi alicheka, akapiga hatua moja kumfuata. Shangazi akaruka mbele kidogo, akaanguka. Fisi hatua mbili. Wakaenda hivyo, mmoja anaanguka, mwingine anacheka, mpaka wakapinda kona ya mto.

Kushoto alilima. Hatua sita kwenda, geuka. Alisikia mbawa zikipiga mchanga. Hatua sita kurudi, geuka. Alisikia mlio mmoja, mfupi, wenye hasira zaidi kuliko maumivu. Hatua sita kwenda. Halafu hakusikia kitu. Hakugeuza kichwa.

Maji yalitoka ya rangi ya chai, kidogo kidogo, kama yanaona aibu. Yalijaza kwanza alama za kwato, kisha mfuo wote. Kushoto hakunywa. Alichovya ulimi na pua, akaenda kumlamba mdogo wake mdomoni. Akarudi, akachovya, akaenda. Katika safari ya tisa au ya kumi kamba ilikatika kwenye lile jiwe, naye hakutambua, aliendelea kwenda hatua sita na kurudi. Safari ya ishirini Kulia alimeza. Walipokunywa wote wawili, fisi alirudi kuchungulia kona, ana unyoya kwenye mdomo. Safari hii Kushoto hakuwa na kamba. Alimfukuza mpaka ng'ambo, akamvunja mbavu mbili, na hatua ya mia mbili ilimpita hapohapo bila kuiona.

Wakabaki pale mtoni. Ubao ulitoka wenyewe na usaha, baada ya siku nyingi mbaya. Mguu ulipona vibaya, na Kulia akawa anatembea kama anayemwinamishia mtu kichwa kila hatua ya nne. Hawakuwa na kamba wala nira, lakini walilala ubavu kwa ubavu, mmoja kushoto, mwingine kulia. Kila Kushoto alipofikisha hatua mia mbili sikio lake lilijikunja lenyewe kabla bega halijaanza kuzunguka, naye alisimama kidogo, kisha akaendelea mbele.

Nyasi za mtoni zilikuwa zinaisha walipoona moshi. Ng'ambo ya mlima palikuwa na shamba dogo, na mwanamke aliyekuwa analima kwa jembe la mkono, mgongo umepinda. Kushoto alitazama ardhi ile kwa siku mbili. Mistari yake ilikuwa imepinda mno, ikamuuma rohoni. Siku ya tatu akateremka peke yake kwenda kupeleleza.

Mwanamke alisimamisha jembe. Hakupiga kelele. Alileta ndoo ya maji safi, akamwekea, akamsemesha kwa upole kama mgonjwa. Kushoto alikunywa. Mkono wa mwanamke ulianzia shingoni, ukapita begani bila kusimama, ukafuata mgongo, ukateremka taratibu mpaka ulipofika. Ukabonyeza. Ukabonyeza tena. "Mume wangu," aliita kuelekea nyumbani, "hebu njoo uone!"

Kushoto hakusubiri kuonwa. Alipanda mlima mbio, si kwa hofu, kwa furaha.

"Mdogo wangu, zamani ningeamua mwenyewe," alisema akihema. "Leo nimekuja kukuuliza kwanza. Huku nyasi zimekwisha, na fisi mbavu zake zitaunga. Kule kuna maji ya ndoo. Kuna ardhi nyeusi, laini, inalimwa vibaya, inatulilia. Mwanamke yule hana hata plau, wewe fikiria atakavyotuthamini!"

"Utingo naye hakuwa na chuki na mtu," alisema Kulia.

"Usinifananishie! Huyu ni mkulima, ana udongo mpaka kwenye kucha. Nimesimama naye karibu kama tulivyosimama mimi na wewe. Ameniongelesha kwa upole. Amenipapasa, mdogo wangu, kwa mkono wake mwenyewe! Lini mara ya mwisho mtu alitupapasa? Sasa niambie, kuna ubaya gani hapo?"

Kulia aliendelea kutafuna shina lake kavu mpaka likaisha. Alilimeza. Kisha akamtazama kaka yake.

"Amekupapasa wapi, kaka? Begani au pajani?"